Mnyapara Mpya wa Mwalimu

Ukitaka kumuudhi Mwalimu hukuhitaji kumtukana. Ungemwambia tu kwamba kitu chake fulani kimepitwa na wakati. Papo hapo angevua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akakuuliza kwa upole unaotisha: "Wakati gani huo uliokipita? Ulipita hapa lini, mbona sikuuona?" Na wewe mtu mzima ungeanza kubabaika, maana nusu ya mji wa Shinyanga ilikuwa imepitia darasani kwake, na nusu nyingine ilikuwa na watoto mle.

Mimi sikusoma kwake. Nilikuwa jirani yake tu. Niliolewa mtaa ule miaka ya sitini, mtoto wa Kiislamu wa mjini, babu zangu walitoka pwani na biashara zao wakaishia Tabora. Nikaikuta nyumba ya Mwalimu upande wa pili wa ua wa minyaa. Upande wetu mimi, mume wangu Baba Zuhura, na vyombo vyangu vya kukaangia vitumbua. Upande wao Mwalimu, mkewe Mama Masanja, na mtoto wao mmoja, Masanja. Ua ulikuwa na tundu kubwa la kupitishia moto, chumvi na umbea, na kwenye tundu hilo ndiko nilikomjua mtu huyu.

Alikuwa na redio kubwa ya mbao, ya kizamani, ambayo ukiiwasha hukaa kimya kwanza mpaka ipate moto. Watu wote walipokwisha kununua zile ndogo za betri, yeye aling'ang'ania ile ile. "Hii ina adabu," alisema. "Inafikiri kabla ya kusema. Hizo zenu zinaropoka." Tulipoambiwa tuache maili tuhesabu kilomita, alifundisha kilomita darasani kutwa nzima bila kukosea, akishatoka lango la shule anarudi kwenye maili zake. Kutoka mjini hadi kijijini kwao Didia kukawa na umbali wa aina mbili, wa ubaoni na wa baiskeli. Baiskeli yenyewe sitaki hata kuizungumzia. Ukimshauri anunue nyingine alikuwa anashuka kabisa, anaiegemeza, ndipo anakujibu.

Lakini huyo huyo, darasani, alikuwa akiwahimiza watoto wajaribu. Baba Zuhura, ambaye alisoma kwake, alikuwa akimwigiza: "Njoo ubaoni! Ukikosea tutafuta! Chaki imeumbwa ifutike!" Watoto waliogopa walimu wengine kwa sababu ya kukosea. Kwake yeye waliogopa kukaa bila kunyoosha mkono.

Basi niambie, mtu wa namna hiyo, wa redio ile na baiskeli ile, ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na kompyuta nyumbani! Sijui kama si wa kwanza Shinyanga nzima. Mimi nilipoona linashushwa boksi nilidhani wamenunua friji.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kulikuwa na mzungu mmoja mtafiti wa miamba, akizunguka huko Geita na Runzewe kutafuta dhahabu, na akija mjini hupanga chumba kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Mtu aliyekuwa na mwandiko ambao wazazi walikuwa wakionyeshana, sasa akiandika jina lake mwenyewe halisomeki. Aliona aibu hata kutia sahihi mbele ya watu. Mzungu yule alipomaliza kazi yake na kufunga mizigo, akamwachia mashine aliyokuja nayo kwenye lile boksi, ya kuandikia taarifa zake. Akamwonyesha jinsi ya kubonyeza. Mwalimu akabonyeza herufi moja, ikatokea ya kijani, imenyooka wima. Mama Masanja aliniambia mumewe aliitazama herufi ile mpaka chai ikapoa.

Mtaa mzima tuliiita televisheni. Jioni ya kwanza Baba Zuhura alibeba kigoda chake akaenda kungojea mpira. Akarudi amenuna. "Hakuna mpira wala muziki," alisema. "Ni Mwalimu tu, anajiandikia ubaoni."

Alikuwa anaandika nini? Hapo sasa ndipo penyewe. Alikuwa anaandika hadithi za mkewe.

Mama Masanja alikuwa Msumbwa wa Masumbwe. Shule hakwenda, lakini bibi yake alikuwa amemjaza hadithi tangu anaota meno, na alizisimulia kwa Kisumbwa chao cha zamani ambacho hata Wasumbwa wenzake wa mjini walikuwa wanakisikiliza kwa kutega sikio. Jioni umeme ukiwepo, Mwalimu, Msukuma wa Didia, anakaa mbele ya mashine, mkewe anapepeta mchele au anachambua mboga, anasimulia, yeye anabonyeza. Na ugomvi sasa! "Si hivyo! Nisomee tena. Aa, umemfanya fisi wangu Msukuma huyo!" Mimi niko upande wa pili nageuza vitumbua, nacheka peke yangu. Naye Mama Masanja alikuwa na mazoea yake: akifika pale ambapo kila mtu anataka kujua kitatokea nini, anaacha. Ananusa ugoro wake, anapiga chafya, anakaza kanga. Ukimhimiza anakwambia, "Subiri, fisi hana haraka." Hata kama hadithi haina fisi.

Sasa, ndani ya mashine ile, Mwalimu alitueleza, kuna kitu ambacho chenyewe hakifanyi kazi. Hakiandiki, hakihesabu. Kinapanga tu: wewe pokea herufi, wewe ziweke pale, wewe zilete tena mzee akiziita. Mzungu alikitaja kwa maneno marefu ya kwao. Mwalimu akamsikiliza, halafu akasema, "Ah! Mnyapara." Ujanani aliwahi kufanya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akawajua wanyapara, wale wanaoshinda wamefunga mikono nyuma, lakini siku wasipokuja kazi yote inalala. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na mtu wa ziada. Mashine ikichelewa kuwaka, mnyapara anakunywa chai. Ikigoma, mnyapara kaamka vibaya. Mama Masanja naye anauliza kutoka jikoni, "Mwalimu, mnyapara wako kaamka? Maana ugali umeiva!"

Masanja alikuwa Dar es Salaam, ofisi moja iliyokuwa na kompyuta. Akaja likizo kwa treni, na mfukoni ana vile visahani vyembamba vyeusi vilivyofungiwa ndani ya mfuko wa mraba, disketi. Nilikuwepo, nimepeleka vitumbua vya kumkaribishia mgeni. Akaitazama mashine ya baba yake, akaicheka kidogo, akasema, "Baba, mnyapara wako amezeeka."

Nikajua tumekwisha. Miwani ikavuliwa.

Lakini Masanja alikuwa na hoja. Disketi zile zilikuwa na mnyapara mpya. Mnyapara mpya anaamka upesi, hapotezi vitu ovyo, na zaidi ya yote anaelewana na mashine za kuchapa zinazopatikana. Yule wa zamani alijuana na mashine ya kuchapa ya mzungu tu, na mzungu aliondoka nayo. "Nitaleta ya kuchapa kutoka Dar," Masanja akasema. "Hadithi za Mama zitoke kwenye karatasi. Tuzishone, ziwe kitabu. Watoto wangu wazisome."

Mama Masanja akaacha kupepeta. Nilimwona. Mwanamke ambaye hakujua hata herufi moja, aliposikia kitabu alishika ungo akasahau kwamba ameushika.

Tatizo likawa hili. Ili mnyapara mpya akae, ndani ya mashine lazima kufyekwe kote. Hadithi zitolewe nje kwanza, ziwekwe kwenye disketi, yule mpya akishakaa zirudishwe. Na je, atazisoma? Masanja hakuficha. Alisema huenda akazisoma, huenda asizisome, maana ziliandikwa kwa utaratibu wa zamani asioujua vizuri. Na disketi ya kumrudisha yule wa zamani haikuwepo, mzungu alikwenda nayo Ulaya.

"Kwa hiyo akitoka harudi," Mwalimu akasema.

"Harudi, Baba."

"Na huyu mgeni wako anajua Kisumbwa?"

"Baba, hajui lugha yoyote! Yeye anapanga tu."

"Anapanga watu asiowajua," Mwalimu akasema, akaanza kuifuta miwani. Masanja aliyafahamu macho yale tangu utoto. Akazirudisha disketi mfukoni, akala vitumbua.

Likizo ile ikaisha, na Mwalimu akabaki na swali. Alilizungusha mtaa mzima. Ungedhani ni binti anataka kuozwa na ukoo lazima uitwe. Dalali wa dhahabu aliyepanga nyumba ya kona, mtu wa kunukia marashi na maneno ya machimboni, alimwambia, "Mwalimu, duara likikauka mtu anahama." Duara ni shimo lao la kuchimbia. Mwalimu akamjibu, "Wewe ukihama unaacha shimo. Mimi nitakuwa namwacha mke wangu mle." Mimi nilimwambia wazi kwenye tundu la ua, "Mwalimu, shikamoo, lakini unatuchosha. Mtu akipata sufuria jipya anahamisha mchuzi, basi." Akanitazama. "Marahaba, Mama Zuhura. Na sufuria jipya likiwa na tundu?" Alikuwa na tabia hiyo mbaya ya kukuacha mdomo wazi halafu akaenda zake.

Nilimwona mwoga. Nilikuwa sijajua.

Siku moja alikuwa anapunguza ua kwa panga, mimi nasonga ugali nje, akanieleza mwenyewe bila kuulizwa. Miaka ile ya sabini ya kuhamia vijiji vya ujamaa, mama yake mzazi naye alihamishwa kutoka kwenye kaya yao ya zamani, mbele ya Didia. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumshawishi, maana aliaminika. Wakamwambia bibi apande gari na nguo zake, vitu vitafuata. Lori la vitu likachelewa, mvua ikawahi. Kihenge kikaanguka na mtama ndani, vyungu vikavunjika, jiwe lake la kusagia halikuonekana tena. Bibi aliishi miaka kadhaa kwenye nyumba mpya ya mstari ulionyooka, na kila Mwalimu akienda kumwamkia, kabla hajaitikia anauliza, "Vitu vimefika?"

"Mpaka anakufa alikuwa anauliza," akaniambia. Halafu akasema utomvu wa minyaa umemwingia machoni. Utomvu wa minyaa ukikuingia machoni kweli hukai hapo ukaongea, unakimbilia maji huku unapiga kelele. Lakini nilimwambia pole, nikageuza ugali wangu.

Aliyemshinda ni mkewe. Nilimsikia jioni moja, sauti imepanda. "Mwalimu wee, unaumwa nini? Mimi si nipo? Zikipotea nitakusimulia tena!"

"Hutazisimulia vile vile. Kila siku unabadilisha."

"Basi utakuwa na nyingine! Hasara iko wapi?"

Nikamsikia Mwalimu anacheka, kile kicheko chake cha puani. Kesho yake akanipigia hodi kwenye tundu, ameshika disketi kwa mikono miwili.

Wasukuma wana utaratibu wao wa mifugo. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Anawagawa, huyu kwa shemeji, yule kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ugonjwa au wezi wakija wasimmalize. Anayewekewa anachunga, na kwa kuchunga kwake anakunywa maziwa. Ng'ombe si wake, maziwa ni yake. Basi Mwalimu alikuwa ameamua kwamba kabla ya mnyapara mpya kuingia, atagawa kundi. Alikuwa amenakili hadithi zote kwenye disketi kadhaa tupu alizoachiwa na mzungu, akawa anaziweka kwa watu.

"Huyu ng'ombe nakuwekea wewe," akaniambia. "Asipigwe na jua, asilowe, asikunjwe."

"Na maziwa?" nikamtania.

Hakucheka. "Kila mwisho wa mwezi utamleta, nitamkamua."

Na alimkamua kweli! Disketi ile niliiweka kwenye kopo langu la sukari, ambalo miaka ile lilikuwa tupu muda mwingi, sukari yenyewe tukiisikia kwa jina. Mwisho wa mwezi naichukua, navuka, anaitia kwenye mashine na kunisomea hadithi moja, akigeuza Kisumbwa kuwa Kiswahili. Disketi zote zilikuwa na hadithi zile zile, angeweza kunisomea bila mimi kuileta. Hataki. Ng'ombe wako mlete mwenyewe. Na Mama Masanja jikoni hatulii: "Hapo umeruka! Mwambie na mkia wake ulikuwaje!" Mimi nilikuwa napata hadithi mbili kwa wakati mmoja, ya mashine na ya jikoni, na ya jikoni ilikuwa tamu zaidi. Nikirudi nyumbani namsimulia Zuhura na wadogo zake.

Wachungaji wengine sasa, Mungu atusamehe. Dalali wa dhahabu alipokea yake kwa heshima zote, akaifungia kwenye kijisanduku chake cha mali, pamoja na mizani na sumaku. Sumaku wanaitumia kunasia ule mchanga mweusi uliochanganyika na vumbi la dhahabu. Mwalimu alipoitia disketi ile kwenye mashine hakukuwa na kitu, nyeupe, sumaku imefuta yote. Dalali alitaka kulia. "Mwalimu, nimemweka mahali ninapoweka roho yangu!" Na kaka yake Mwalimu wa Didia, mfugaji hasa, yeye alichukua mkasi akakata pembe moja ya disketi, alama ile ile anayokata kwenye masikio ya ng'ombe wa ukoo, ili isije ikachanganyika na ya watu. Tulishika vichwa. Lakini ilipotiwa ikasoma vizuri kabisa, kumbe pembe ile haina kitu. Kaka mtu akatutazama sote. "Sasa mlikuwa mnalia nini?"

Masanja akaja likizo ya pili, na safari hii amebeba mashine ya kuchapa, imefungwa blanketi. Kundi limegawanywa, hoja zote zimekwisha. Asubuhi ile nilivuka kutazama. Masanja ameketi mbele ya mashine, disketi ya mnyapara mpya mkononi. Mama Masanja amevaa kanga mpya, amekaa kitako kwenye mkeka kama anangojea wakwe. Mwalimu amesimama nyuma ya kiti.

"Baba, niiweke?"

Mwalimu akamtazama mkewe. Mkewe akamfanyia ishara ya kidevu, endelea.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Kesho."

Kesho yake umeme haukuwepo. Keshokutwa akasema tungoje umeme utulie. Likizo ikaisha, Masanja akapanda treni na disketi zake, mashine ya kuchapa ikabaki kwenye blanketi. Mama Masanja alinikuta kwenye tundu akaniambia, "Mama Zuhura, mwanamume huyu alinichumbia miaka miwili akija kila Jumapili kuzungumzia hali ya hewa." Akacheka. Lakini kanga ile mpya aliivua akaikunja, na sikuiona tena mpaka msibani.

Maana Mama Masanja alikufa. Homa ya siku chache tu, tukidhani ni malaria ya kawaida, nimempelekea uji asubuhi akaniambia umezidi sukari, na wakati huo sukari tunaipata kwa kupigana vikumbo. Mchana hayupo. Nililia mimi, mpaka Baba Zuhura akaona haya. Sijapata jirani mwingine wa kugombana naye vizuri hivyo.

Baada ya matanga Masanja alimwambia baba yake polepole kwamba sasa ndiyo wakati, tuzichape, zibaki. Mwalimu akatikisa kichwa. "Alipokuwepo nilikuwa naweza kukosea," akasema. "Sasa siwezi." Masanja hakubishana tena. Jioni zikawa za kijani tupu dirishani, mtu mmoja anasoma kimya, anageuza uso kuelekea jikoni, anarudi kusoma. Mwisho wa mwezi sikuvuka na kopo langu. Yeye naye hakuniita.

Halafu ule umeme wetu, baada ya kukatika siku nzima, ukarudi kwa ghadhabu. Kwangu ulipasua taa. Kwake ulitoa moshi. Masanja aliibeba mashine mpaka Dar, na disketi zilizobaki zote kwa baba yake, hata ile ya sikio lililokatwa. Mashine haikufufuka. Na disketi zile, ofisi zote alizokwenda walikuwa na wanyapara wapya, na kila mmoja alizitazama akasema hazijui. Mwalimu alivipokea vyote vilivyorudi, mashine na disketi, akashukuru, akauza nyumba, akahamia kwao Didia. Walinunua watu wazuri tu. Waling'oa minyaa wakajenga ukuta.

Kopo langu hakuna aliyeliulizia. Lilikuwa kwangu, na disketi yangu ndani.

Mara ya mwisho nilimwona mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Nilisikia haoni vizuri, nikapanda gari la mnadani mpaka Didia na kopo langu kwapani. Nikamkuta kwenye kigoda uani, anakata viazi vitamu vya michembe, ile ya kukausha juani, mikono inatetemeka lakini kisu hakikosei. Nyuma yake, ndani ya mlango, niliiona mashine juu ya meza, imefunikwa na kanga ile mpya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama Zuhura huyo! Nimekujua kwa mguno, bado hujaongea." Akaniamkia na kwa Kisukuma, akaniuliza habari za kila mtu mpaka paka. Nikafungua kopo, nikampa disketi. Akaipapasa pembe zote nne.

"Mzima," akasema.

"Mzima. Sikumkamua bila ruhusa."

Akacheka puani. Halafu uso ukabadilika. "Unajua, hadithi zenyewe nazikumbuka. Habari yake naikumbuka yote. Maneno yake ndiyo siyakumbuki. Nikitaka kuzisimulia inatoka sauti ya mwalimu." Akakata kiazi kimoja, cha pili. "Wakati wa kujaribu ulikuwa ule, Mama Zuhura. Yuko pale kwenye mkeka, amevaa. Ningekosea, angenisimulia tena. Miaka yote nawaambia watoto wa watu njooni ubaoni, chaki inafutika. Mimi mwenyewe nikakaa bila kunyoosha mkono."

Pole ilikuwa ndogo. Nikavuta mkeka, nikachukua kisu kingine na viazi, nikaanza tu, sijui hata nilivyoanza. Nikasema hapo zamani huko Masumbwe kulikuwa na mjane mwenye mlango mzuri, ubao mmoja mzima. Mwalimu akaacha kukata.

Nikaendelea. Nikasema fisi akaja kuuazima, wakwe zake wanakuja kulala, aibu wakute nyumba wazi. Mjane akamwuliza, na mimi usiku nitafunga nini? Fisi akamwambia, "Mama, kwani usiku unamwogopa nani? Si mimi? Mimi nitakuwa nyumbani na wageni!" Mwalimu mabega yakaanza kumtikisika. Mjane akaona neno hilo ni la haki, akaung'oa mlango akampa. Hapo nikaacha. Nikakaza kanga yangu. Ugoro situmii, lakini nilipiga chafya.

"Ehe?" Mwalimu akasema.

"Subiri, fisi hana haraka."

Akajifunika uso kwa mikono yenye udongo wa viazi, akakaa hivyo kidogo. Nikamwacha. Alipoishusha nikaendelea. Nikasema mjane alivyokuwa mtu wa watu, akaona fisi hana hata cha kuwakirimu wakwe, akainjika chungu akamkaangia vitumbua, kikapu kizima.

Mwalimu akageuza uso haraka kuelekea jikoni.

Jikoni hakukuwa na mtu. Kuku mmoja tu, anadonoa majivu. Alitazama huko muda mrefu kuliko mtu asiyeona vizuri anavyotazama kitu, na mimi nikakaa na kisu changu hewani, naona haya.

"Hapo umeongeza," akasema mwishowe. "Mjane yule hakuwa na vitumbua."

"Nimeongeza, Mwalimu."

Akaichukua disketi, akaipapasa tena, akaiweka mapajani mwake.

"Ng'ombe namchukua," akasema. "Huyo ndama ni wako. Haya, endelea."